UZI: Bar imefunguliwa, kanisa imefunguliwa, ndege zinaruka. Na mwenye kuvuka mupaka kwa miguu je? Tuongee juu ya Goma

Dada wa Virunga

Jambo kwenu bote. Hii mambo iko mu kichwa yangu tangu mwanzo ya huu mwezi wa 8 wa 2020, leo acha niandike yote, itakuwa ndefu, mwenye mega kidogo za internet asome polepole.

Tangu tarehe 24 mwezi wa 3 tulikuwa mu hali ya dharura ya corona, tarehe 21 mwezi wa 7 raisi Tshisekedi akatangaza imeisha na bitu bitafunguliwa kwa hatua. Kesho yake boutique, bar, restora, magari ya kubeba batu. Kisha masomo, bafinaliste (ba mwaka wa mwisho) bakaingia tarehe 10 mwezi wa 8. Tarehe 15 makanisa, ndege, bandari, mipaka. Ku radio kila kitu iko wazi. Sasa mi nauliza, nani anapita mu hii mulango yenye banasema imefunguliwa?

Kwa mwenye hajui Goma, muji yetu ya Kongo imeshikana na Gisenyi ya Rwanda, kuko fasi mu Birere nyumba za huku na za kule zinaangaliana kabisa. Mbele ya corona Petite Barrière, mulango ya mupaka, ilikuwa inapitisha batu makumi elfu kila siku, kwa miguu, na bengi ni bamama. Unaamuka mapema, unavuka na jeto (karatasi ya kuvukia) yako, unanunua nyanya, bitunguu, karoti, mayai, maziwa, unarudi kuuzisha ku soko ya Virunga ao Alanine ao Kituku. Bengine banapeleka kule sambaza, bitenge, sukari, mafuta ya mawese. Na bale bandugu zetu balemavu wa vélo za tairi tatu, njo balikuwa banabeba mizigo mizito kuliko bote, ile kazi iliwaheshimisha mu hii muji, bamejenga na kusomesha batoto nayo.

Rwanda ilifunga mipaka mwezi wa 3 na siye tukafunga. Tarehe 1 mwezi wa 8 ndege za kubeba batu zikaanza tena kutua Kigali. Tarehe 15 na zetu zikaanza kuruka. Kwa hiyo mwenye bilé ya ndege anapita. Mwenye beseni ya sambaza ku kichwa, mwenye anaona Gisenyi na macho yake akiwa amesimama ku mulango ya nyumba yake, huyo hapiti mupaka leo. Mali peke yake njo inapita.

Na namna mali inapita acha niwaelezee, juu benye kukaa mbali banasema «si mizigo inavuka, munalia nini». Tunaandikana ku koperative, kila mutu anatoa makuta (pesa) yake, mutu mmoja anapigia muuzaji wa Gisenyi, lori inavuka na mali ya bote. Ikifika tunagawana bitunga. Wakati nilikuwa navuka mi mwenyewe, nyanya nilikuwa nabonyeza na kidole pale ku kikonyo, moja moja, ile yenye inarudisha kidole naweka, ile yenye inakubali naacha. Njo kazi yetu hiyo, macho na kidole. Sasa unapewa kitunga imefungwa na majani, unafungua, juu nyanya nyekundu muzuri kabisa, unashusha mukono katikati, maji. Na umeshalipa, na lori umelipa sehemu yako, na muuzaji ukimupigia anasema ni barabara.

Lakini sikuandika juu ya nyanya. Nimeandika juu ya KAPITALI.

Mama wa mupaka hana banki. Eko na tuseme dola 50. Asubui ile 50 inavuka, mangaribi inarudia 50 na juu yake unga, makala ya kupikia, bidon ya maji, faranga ya kalamu ya mutoto. Kesho ile ile 50 inavuka tena. Haijawahi kulala. Siku mupaka ilifungwa ile 50 ikalala, na makuta yenye kulala mu nyumba yenye batoto inageuka chakula, hakuna bwana wala bibi mwenye anaweza kuizuia. Mwezi wa 4 bengi ilikuwa imeisha. Mwezi wa 5 balianza kuuzisha bitenge bya ndani ya sanduku, mwezi wa 6 radio na matelà (godoro). Basi hata bafungue Petite Barrière kesho saa kumi na mbili ya asubui, bamama bengi sana batabaki upande huu bakiangalia, juu hawana chenye kuvukisha. Na hiyo siisikii mu kinywa ya mukubwa yeyote. Banatangaza tarehe, tarehe, tarehe. Tarehe hailipi kitunga ya nyanya.

Na bageni basiseme batu ya Goma hatuogopi magonjwa. Corona ilitukuta mu Ebola. Ile Ebola ya huku kwetu na Ituri ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 ya 2018, ikafika Goma mwezi wa 7 ya 2019, ikatangazwa imeisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka huu wa 2020, batu zaidi ya 2,200 bamekufa. Kunawa maji ya klore ku mulango, kupimwa joto na kale kamashini ka ku paji ya uso, tulianza zamani mbele Kinshasa hawajajua. Sisi tunajua kulinda. Tunachoomba ni kwamba ulinzi usiwe wa kuua mwenye anatembea kwa miguu na kuacha mwenye kuruka.

Kila mutu aandike ya kwake. Nini imerudia kwa kweli kwako, nini haijarudia? Na kama kuko benye bameanzisha likirimba (kuchanga makuta na kupokea kwa zamu) tena batuambie namna banafanya, hiyo nataka sana.

Motari wa Ndosho

Dada nakubali yako yote isipokuwa pale ku kichwa ya uzi, usiweke bar kama kitu ya aibu. Bar kufungwa iliua siye kuliko unavyofikiri. Motari wa Goma, mwenye kubeba batu na pikipiki, muchana anapata makuta ya mwenye moto (pikipiki), usiku njo anapata ya kwake. Muchana unakimbiza Entrée Président, Signers, Birere, Majengo, ile yote unapeleka kwa mwenye moto mangaribi, na yeye corona haikumufanya apunguze hata faranga moja. Usiku batu banatoka ku bar, ku restora, ku sikukuu, hapo njo unga ya kwetu nyumbani. Bakafunga bar, usiku ikakufa.

Tena ile sheria ya kubeba kliya (muteja) mmoja. Hapa moto inabeba babili, bei imepimwa juu ya babili. Ukibeba mmoja, mafuta ni ile ile. Ukimuambia kliya alipe ya babili anakuuliza kama unamuona eko babili. Na ukijaribu kubeba babili, ku kona kuko mwenye anakungojea, hakuandikii karatasi yoyote, anaweka mukono mu mufuko yako na kukuachilia.

Sasa inarudia. Babili tunabeba. Cache-nez (barakoa) iko ku kidevu ya bote, kliya na motari, hiyo ni kweli naisema. Lakini bakliya bamepunguka juu ile mama mwenye alikuwa anapanda na bitunga byake toka barieri mpaka Virunga, hayuko. Kwa hiyo barieri yako ni barieri yangu pia, na sijawahi kuvuka mi.

Mwalimu wa Katindo

Nafundisha masomo ya private, 6e primaire. Acha niseme ya masomo juu batu banafikiri mulimu anapokea mushahara hata akilala.

Gratuité (masomo ya bure) ilianza mwezi wa 9 ya 2019 kwa primaire ya leta (serikali). Siye ba private mushahara yetu inatoka mu mufuko ya muzazi, mwezi kwa mwezi. Tarehe 19 mwezi wa 3 masomo ikafungwa inchi nzima, na ile siku mushahara ikafungwa. Muzazi hawezi kulipa masomo yenye haiko, namuelewa, na mi sina kitu ya kumudai. Mwenzangu mmoja wa 4e aliingia mu kuuzisha inite za simu, mwengine alirudi Masisi kulima na amesema harudii chaki tena, alikuwa mwalimu muzuri wa hesabu kuliko siye bote.

Tarehe 10 bafinaliste bakaingia. Tumewagawanya mafungu, asubui hawa, muchana wale, ili bakae mbalimbali ku banc. Kitu yenye sikuingojea ni dikte (imla). Nikisoma na cache-nez mutoto haoni midomo yangu, «pain» na «bain» kwake ni kitu moja, anaandika anachofikiri, na bamekaa miezi yote ile bila kusikia Kifaransa nyumbani. Natosha cache-nez nasimama mbali ku dirisha, nasoma kwa sauti, naivaa tena napita mu ba banc kuangalia. Kila sentensi hivyo. Dikte yenye ilikuwa ya nusu saa inakula saa nzima, na examen inakuja.

Na batoto wa 1e mpaka 5e bako barabarani bado. Banabeba bidon, banauzisha mikate, bamesahau kusoma. Siku bataitwa kurudi, ile ya Dada wa Virunga njo itawapata: muzazi bila kapitali hatoi minerval (makuta ya masomo). Tutaona banc ngapi zitabaki wazi.

Dada wa Nguba

Jambo toka Bukavu. Huku tuko na Ruzizi yetu, mambo ni yale yale, bamama bameangalia Rwanda ya ng'ambo ya muto kama picha. Lakini mi nitaongea ya ziwa.

Miezi ile meli zilibeba mali tu kati ya Bukavu na Goma, batu hapana. Mwezi wa 5 ndugu ya baba yangu, mwenye alinilea, akafariki Goma. Ugonjwa wake wa sukari wa siku mingi, si corona. Sheria ilikuwa maiti inatoka morgue inaenda moja kwa moja ku makaburi, hakuna kulala ku kilio, na basipite batu 50. Siye ba Bukavu hatukufika hata mmoja. Nilifuata maziko yake ku WhatsApp, simu ya binamu inatetemeka, nasikia upepo peke yake, kisha mega ikaisha.

Tarehe 15 walipofungua nikaingia mu boti na bamama zangu wadogo. Tulifika ku nyumba ya baba, mama mukubwa akatutandikia mikeka mu salon kama vile amekufa jana. Tukalia. Majirani bakaingia moja moja na makala, na maharagi, na bidon za maji, kama desturi, juu na bo habakuwa bamelia ile siku, polisi ilikuwa imewafukuza. Mzee mmoja wa kanisa akasema tuseme majina ya mambo mema yake, kila mutu akasema yake, ikachukua usiku muzima. Mwalimu, Motari, mi kwangu hiyo njo imerudia. Bar sikuitafuta wala boutique. Nilitafuta kulia na batu ya kwetu chini ya paa moja, na hiyo raisi hakuitaja mu hotuba lakini njo nilimushukuru nayo.

Dada wa Virunga

Dada pole sana, pole yenu bote ya familia. Mungu amupumuzishe. Na sisi mu avenue yetu kuko nyumba mbili zenye kilio haikufanyika, nitaongea na bamama tupange siku, asante kuniamsha.

Motari, bar nakuachia. Hesabu yako ya usiku nimeielewa.

Mutoto wa Kenya

Niko L'shi (Lubumbashi), commune Kenya, si Kenya ya Nairobi. Huku mwezi wa 3 balifunga muji siku mbili mara moja na bei ya unga ikaruka saa ile ile, batu bakagombana mbele ya ma dépôt. Lakini nimesoma uzi na naona tofauti moja kubwa sana. Siye unga na mahindi mingi inapita Kasumbalesa toka Zambia, na inakuja mu lori. Lori haikuzuiliwa. Chauffeur amepimwa, amengoja, amelala siku mingi ku parking, lakini amepita. Kwa hiyo bei ilipanda na chakula ikafika.

Yenu inapita ku kichwa ya bamama, kitunga kwa kitunga. Mutu mwenye alipanga hizi sheria alifikiri mupaka ni lori na ndege. Mama wa miguu hakuwa mu akili yake kabisa, wala kufunga wala kufungua. Sisemi ni roho mubaya. Nasema hakuna mutu wa Petite Barrière alikuwa amekaa ku ile meza.

Dada wa Virunga

UMESEMA. Hiyo njo sentensi yenye nilikuwa natafuta tangu asubui.

Muganga wa Keshero

Niko infirmière mu centre de santé, naomba munisikilize na mi kidogo juu uzi yote inakimbia upande wa kufungua.

Corona haijaisha. Imefunguliwa mulango, ugonjwa eko mu nyumba bado. Zile bidon za kunawa mikono ku mulango za boutique na makanisa, pita leo Mabanga, pita Majengo, uinamishe kifuniko: kavu. Robine iko, sabuni iko imekauka, maji hakuna. Na najua sababu, maji ya Goma inanunuliwa, ziwa iko mbele yetu na bidon ya litre 20 inapanda mulima ku chukudu (vélo ya mbao ya kusukuma) na inalipiwa. Mwenye boutique anahesabu kunywa mbele ya kunawa. Wakati wa Ebola bale ba mashirika walileta bitanki na klore, Ebola imeisha bameondoka na bitanki.

Kingine. Mwezi wa 4 na wa 5 bamama baliogopa kuja centre. Baliambiana ukija na homa utafungiwa. Mimba hazikupimwa, batoto hawakudungwa chanjo. Na munajua surua, rougeole, banasema juzi imeisha mu inchi yetu baada ya kuua batu zaidi ya 7,000, karibu bote batoto. Ilikuwa inaua pale pale pembeni wakati dunia yote inaongea corona. Sasa bamama banarudia, siku ya chanjo salon inajaa mpaka inje, naona batoto wa miezi tisa benye hawajapata hata ya kuzaliwa. Nafurahi banarudia, nafurahi sana. Basi leteni batoto, hatufungii mutu, na muvae cache-nez ku pua. Ku kidevu haisaidie.

Dada wa Virunga, na mi nataka barieri ifunguliwe. Ifunguliwe na maji pale, bitanki pande zote mbili, kama wakati wa Ebola. Tulifanya, batu elfu na elfu balikuwa banapita kila siku na banapimwa joto na banawa. Ebola yenyewe haikufunga Petite Barrière namna hii. Kwa hiyo inawezekana.

Motari wa Ndosho

Muganga nimeivaa ku pua ninapoandika.

Dada wa Virunga

Muganga asante, na hiyo ya Ebola nilitaka kuisema nikasahau kuifikisha mwisho. Kunawa, kupima joto, kupita. Ebola inaua kuliko hii, na tulipita.

Kuko batu bameniandikia pembeni banauliza likirimba yetu inaendaje, acha niseme wazi hapa, mwenye kuona shimo aionyeshe.

Likirimba yetu ya zamani ilikufa mwezi wa 4, kila mutu alirudishiwa chake, hatukugombana, nashukuru. Juma iliyopita tumekaa tena bamama wa soko. Zamani tulikuwa tunatoa sawasawa na zamu inapigiwa kura. Sasa tumebadilisha. Kwanza, kutoa ni kila siku mangaribi na ni kidogo sana, kiasi ya mwenye anauzisha lenga-lenga (muchicha) ku chini anaweza, juu ukingoja juma nzima makuta imeshaliwa. Pili, hakuna kura: zamu ya kwanza inaenda kwa bale benye kapitali iliisha kabisa, na siye benye tuko na ya kuzungusha kidogo tunangoja nyuma. Tulibishana sana hapo, mama mmoja akasema hiyo ni kulipa deni ya batu, mwengine akamujibu kwamba mwenye hauzishi hanunui, na siye wote tunauzishana. Tukapita. Tatu, makuta haipewi mu mukono ya kulipia nyumba. Najua hiyo ni ngumu, benye nyumba banapiga hodi kila asubui, tumechagua bamama babili bataenda kuongea na benye nyumba, kulomba miezi ya nyuma ilipwe polepole juu ya ile ya sasa. Bamoja bamekubali. Mmoja ametoa mulango ya nyumba ku bawaba, mama eko ndani na batoto na kitenge njo mulango.

Na bandugu wa vélo za tairi tatu tumewaweka mu likirimba yetu, bo balikuwa na yao ikafa. Vélo zimekaa miezi, tairi zimepasuka na jua. Zamu ya kwanza moja itaenda ku tairi.

Mwalimu wa Katindo

Tunaweza kuingia siye balimu? Tuko babili tayari.

Dada wa Virunga

Munaingia. Mangaribi ya kila siku, Virunga, upande wa bauza bitunguu, muulizie dada wa likirimba.

Dada wa Nguba

Swali moja. Na kama barieri inafunguliwa mbele zamu haijafika kwa kila mutu? Wenye bamepata batavuka, bengine batabaki.

Dada wa Virunga

Tumeiongea hiyo. Mwenye amepata atavuka na kununua mara mbili, ya kwake na ya mwenzake mwenye hajafikiwa. Mwenzake anauzisha ku soko, mangaribi analipa bei ya Gisenyi, faida inabaki yake. Mpaka zamu yake ifike, na ye avuke.

Motari wa Ndosho

Siku itafunguliwa munipigie, bitunga ya likirimba nabeba toka barieri mpaka Virunga kwa bei ya mafuta tu, juma ya kwanza. Niko na benzangu batano ku parking ya Ndosho benye bamekubali.